Dondoo muhimu: Kupanga kiwanda kidogo cha asali Tabora

Kabla ya kumwita fundi, chora safari ya asali: kupokea ndoo, kuchuja, kutuliza, kufungasha, ghala. Iende upande mmoja tu. Ndoo chafu ya kutoka wilayani Sikonge isipishane na chupa safi.

Kiwanja kina mteremko? Chujio likae juu, matangi chini. Asali itashuka yenyewe bila pampu.

Unyevu ndio adui mkubwa. Asali huunyonya kutoka hewani, na ikizidiwa huchachuka. Kwa hiyo tenga kwa ukuta sehemu ya kuoshea vyombo, na sakafu yake iinamie nje.

Madirisha yawekwe wavu, maana nyuki watafuata harufu. Nta iyeyushwe chumba cha peke yake; hushika moto upesi.

Na nafasi ya lori kugeuka, usiisahau.