Habasoda, Dawa za Daktari na Ini la Mgonjwa

Mwenzetu mmoja wa darasa ametuletea suali ambalo twaona lafaa lijibiwe mbele ya wote. Mamake ana kifua kikuu, naye ameanza kumeza dawa. Majirani wamwambia: "Dawa hizo zaharibu ini, ziache, unywe mafuta ya habasoda." Je, maneno haya ni ya kweli?

Twasema: nusu yake ni kweli, na nusu yake yaweza kuua.

Ama kuwa dawa zaweza kudhuru ini, hilo ni kweli. Tutwae mfano wa parasetamoli, tembe isiyokosekana majumbani mwetu. Sehemu yake kubwa ini huigeuza ikawa haina madhara, ikatoka kwa mkojo. Sehemu ndogo hugeuka sumu, nayo ini huizima kwa kitu kiitwacho glutathayoni, ambacho mwili hukifanya kutokana na vyakula vya kujenga mwili, kama kunde, pojo, mayai na samaki. Mtu akizidisha tembe, glutathayoni humalizika, na sumu ikala ini lenyewe. Kwa hivyo haimpasi mtu mzima kupita tembe 8 za miligramu 500 kwa siku. Na aliyedhoofika kwa njaa, khatari yake ni kubwa zaidi. Aliyezidisha asingoje kuumwa, kwani siku ya kwanza huenda asihisi kitu. Na akimbizwe hospitali, apewe dawa ya asetilisisteini, ambayo huurudishia mwili uwezo wa kufanya glutathayoni. Faida yake ni kubwa kabisa ikiwahi kabla ya saa 8 kupita.

Basi chakula kina kazi katika kulilinda ini. Na habasoda je? Wataalamu wamewapa panya habasoda, manjano na kitunguu saumu pamoja na dawa zenye kudhuru, wakaona maini yao hayakuharibika sana. Khabari hii ni njema, lakini tuifahamu kama ilivyo. Panya walipewa mmea pamoja na dawa, si badala ya dawa. Na panya si binadamu. Kwa watu, ushahidi ungali mchache.

Wala si kila kitokacho mtini ni salama. Mwaka 1989 wataalamu wa Kanada walieleza kuwa maji ya balungi huzidisha katika damu kiasi cha felodipini, dawa ya shinikizo la damu. Na manjano, ambayo mchuzini hatuna shaka nayo, yamekwisha kuwaumiza watu ini yalipokolezwa yakafanywa vidonge.

Turudi kwa mama yetu. Katika dawa zake imo isoniazidi, itumikayo tangu mwaka 1952. Dawa hii hupunguza vitamini B6 mwilini, hata miguu ikafa ganzi. Ndiyo maana madaktari huongeza tembe za vitamini hiyo. Tazameni: hii ni kinga iliyothibiti, nayo haikupatikana kwa kuacha dawa.

Kwa hivyo jawabu letu ni hili. Mama asiache dawa zake, ambazo kwa kawaida humezwa miezi 6. Mwenye kuziacha njiani huwapa vijidudu nafasi ya kuzizoea, kisha huwaambukiza wajukuu alalao nao maradhi yasiyosikia dawa. Akiona macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au anatapika na hataki chakula, arudi hospitali siku ile ile. Daktari ndiye ajuaye dawa ipi isimamishwe na ipi ibadilishwe. Ale kunde na samaki. Na akitaka habasoda, amwambie daktari wala asimfiche.

Wako watakaosema kuwa twaidharau habasoda, ilhali Mtume (S.A.W.) ameisifu. Hasha! Twaisadiki sifa yake. Lakini Mtume aliyeisifu habasoda ndiye aliyetuamuru kutafuta matibabu, wala hakutuambia tuifanye habasoda kuwa udhuru wa kuyakimbia. Mwenye kumshauri mgonjwa aache dawa pasi na ilimu amejitwika dhamana ya roho ya mtu. Na tuogope dhamana hiyo.

Wabillahi taufiki.