Ghala ya chakula ni amana



Ndugu Waislamu, kukusanya chakula cha maskini mahali pamoja si jambo geni katika dini. Imamu Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimweka Abu Huraira (r.a.) kulinda zaka ya Ramadhani, nayo ilikuwa chakula. Usiku akaja mtu, akachota. Aliposhikwa akalia shida na watoto, akaachiwa. Asubuhi Mtume akasema: amekudanganya, naye atarudi. Akarudi kweli. Basi mlinzi wa ghala awe na huruma, tena achunguze.

Tuzingatie mambo matatu:

1. Wenye haki. Sura At-Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu 8 ya zaka, ikaanza na mafakiri na maskini. Huku Kasongo na Kabambare, wengi waliokimbia vita wamepokelewa majumbani, wakala chungu kimoja na wenyeji. Anayeandika majina asimsahau mwenyeji: naye chungu chake kimepungua.

2. Wakati. Zakatul-fitri, pishi moja (vibaba 4) kwa kila mtu, itolewe kabla ya Sala ya Idi. Sadaka ndiyo iwekwe akiba, mpaka miezi ambayo mbegu iko shambani na ghala ya nyumbani ni tupu. Hiyo hata jirani asiye Mwislamu apewe.

3. Sitara. Mjane asisimamishwe mbele ya watu. Apelekewe nyumbani.

Mwenye kibaba alete kibaba. Mwenyezi Mungu atutakabalie. Amin.