Kituo Kimoja, Watafiti Wengi

Mimi nasoma fizikia, na wenzangu huniuliza: chuo kisicho na fedha za mitambo ya kisasa kitafanyaje utafiti wa nanoteknolojia? Jibu langu ni kwamba hata nchi tajiri hazinunui mitambo hiyo kwa kila chuo. Zinashirikiana, na ushirika huo hupangwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Katika kipimo hicho maada hubadilika tabia: chembe ndogo mno za dhahabu zikiwa ndani ya maji huonekana nyekundu.

Marekani ilianzisha mpango wa taifa wa nanoteknolojia mwaka 2000, kisha Wizara yake ya Nishati ikajenga vituo 5 vya pamoja. Tukitazame cha Argonne, karibu na Chicago. Kina mafunzo matatu.

Kwanza, mahali. Kilijengwa kando ya mtambo mkubwa wa eksirei uliokuwapo tayari, ili watafiti wafaidi vyote viwili. Tena darubini ya elektroni husumbuliwa na mtetemo wa lori linalopita, hata na usumaku wa lifti. Kwa hiyo msingi wa jengo na vyumba visivyo na vumbi huamuliwa kwenye ramani. Kurekebisha baadaye ni ghali.

Pili, gharama. Jimbo la Illinois liligharimia jengo, serikali kuu ikaleta mitambo.

Tatu, kanuni ya kuingia. Mtafiti huandika maombi, na wataalamu huyapima kwa ubora wake. Atakayechapisha matokeo yake halipi. Anayetaka kuyafanya siri hulipa gharama zote. Humo kuna wanasayansi wa kudumu wanaomsaidia mgeni, kwa sababu mtambo usio na mtaalamu ni kabati tu.

Sasa tujitazame sisi wa Afrika Mashariki. Kila chuo kikinunua chake peke yake, mafundi na vipuri vitatoka wapi? Naona tuanze na jambo lisilohitaji fedha: kila idara iorodheshe vifaa ilivyonavyo, vinavyofanya kazi na vilivyoharibika, na utafiti unaokwama kwa kukosa kifaa. Orodha hizo zikiwekwa pamoja, tutajua kituo cha kwanza kihitaji nini, na nani atakitumia. Hapo ndipo tutakuwa na hoja ya kupeleka kwa wakuu wa vyuo.