Mafunzo ya Sanaa na Maonyesho katika Chuo Kidogo: Mfano wa Black Mountain

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kuizungumzia mada hii hukwazwa kwanza na istilahi. Tukisema "sanaa za maonyesho", tunamaanisha drama, ngoma na yote yanayotendwa mbele ya hadhira. Tukisema "maonyesho ya sanaa", tunamaanisha picha na vinyago vilivyopangwa ukumbini ili vitazamwe. Uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na ufumaji nao huitwa "sanaa za ufundi", istilahi iliyozoeleka zaidi Tanzania kuliko hapa Kenya. Makala haya yanaitumia istilahi hiyo ya mwisho, na sababu itadhihirika hivi punde.

Aghalabu husemwa kwamba shule na vyuo vyetu haviwezi kufunza sanaa za ufundi ipasavyo kwa kuwa rangi, turubai na kumbi za maonyesho ni ghali. Mtaala wa umilisi ulioanza kujaribiwa mwaka 2017 ulipoyapa masomo ya sanaa nafasi pana zaidi, swali la vifaa lilizuka upya. Kwa maoni yangu, swali hilo huulizwa kabla ya wakati wake. Linalotangulia ni hili: mwanafunzi anafunzwa sanaa ili awe nani? Kuna chuo kimoja nchini Marekani kilichojibu swali hilo kikiwa hakina fedha, na jibu lake lingali linawashughulisha wataalamu wa elimu.

Chuo cha Black Mountain kilifunguliwa mwaka 1933 karibu na mji wa Asheville, katika jimbo la North Carolina. Kilikuwa chuo cha elimu ya jumla, yaani mahali ambapo mwanafunzi huchota fasihi, hisabati, sayansi na sanaa kwa pamoja badala ya kufundwa taaluma moja tangu siku ya kwanza. Mwasisi wake mkuu, John Andrew Rice, alikuwa amefukuzwa kazi katika chuo kingine. Wanafunzi walikuwa wachache mno. Kwa kawaida hawakufika mia moja. Walimu ndio waliokuwa wenye chuo, na wanafunzi walilima shambani pamoja nao. Chuo kilipohamia ukingoni mwa Lake Eden mwaka 1941, walijijengea jengo la masomo kwa mikono yao wenyewe.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika umaskini huo sanaa iliwekwa katikati ya masomo yote. Haikukusudiwa kuwafanya wanafunzi wote wasanii. Ilichukuliwa kuwa njia ya kumzoeza kila mmoja kutazama, kulinganisha na kuamua. Mwalimu aliyekabidhiwa kazi hiyo ni Josef Albers. Alikuwa amefundisha katika shule ya Bauhaus nchini Ujerumani hadi ilipofungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi, na alifika Marekani mwaka huohuo pamoja na mkewe, Anni, akiwa hajui Kiingereza ila kidogo tu. Lengo lake lilikuwa kuyafungua macho ya wanafunzi.

Tuzingatie alivyofundisha, maana hapa ndipo penye funzo. Katika somo la rangi, Albers alipendelea vipande vya karatasi za rangi kuliko rangi za kupaka. Mwanafunzi alitakiwa, mathalani, kuchukua rangi moja na kuiweka juu ya mandhari mbili tofauti hadi mtazamaji aamini kwamba anaona rangi mbili. Anayejaribu zoezi hili hugundua upesi kwamba jicho lake humdanganya. Majani yaliyopukutika nayo yalitumika darasani. Katika uchoraji, wanafunzi waliambiwa wachore nafasi iliyo baina ya vitu, si vitu vyenyewe. Hakuna hata moja kati ya mazoezi haya linalohitaji turubai.

Anni Albers alifundisha ufumaji. Alianza na kitanda cha kufumia kinachofungwa kiunoni, kama kile cha wafumi wa Peru ya kale, ili mwanafunzi auelewe uzi kabla ya kuielewa mashine. Mnamo mwaka 1940 hivi, yeye na mwanafunzi wake Alex Reed walitengeneza mikufu kwa vibanio vya karatasi, wosha za chuma na hata chujio la sinki. Mwaka 1949, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilimwandalia maonyesho ya peke yake, na hakuna mfumi aliyewahi kupewa heshima hiyo hapo kabla yake. Je, kazi kama hizo ni sanaa au ni ufundi? Kiswahili hakina haja ya kuteseka na swali hilo: "sanaa za ufundi" imekwisha kuyaunganisha maneno yote mawili.

Na maonyesho je? Katika darasa la Albers, kazi za wanafunzi zilitandazwa sakafuni, zikalinganishwa na kujadiliwa na wote. Hayo yalikuwa maonyesho pia, tena yenye manufaa makubwa, kwa kuwa aliyekosea aliona kosa lake kando ya kazi ya mwenzake. Hata kushindwa kulifanywa hadharani. Mwaka 1948, Buckminster Fuller na wanafunzi walijaribu kusimamisha kuba kwa vipande vyembamba vya mapazia ya dirishani, likakataa kuinuka. Mwaka uliofuata alirudi na kuba jingine, nalo likasimama.

Mwaka 1952 zile istilahi zetu mbili zilikutana chini ya paa moja. John Cage aliandaa tukio katika ukumbi wa kulia chakula: mashairi, dansi na muziki vikaendelea kwa wakati mmoja, na picha nyeupe tupu za Robert Rauschenberg, aliyesoma chuoni hapo, zikining'inia juu ya watazamaji. Sanaa za maonyesho na maonyesho ya sanaa!

Haifai kukisifu chuo hiki kupita kiasi. Magomvi ya walimu hayakukoma, Albers aliondoka mwaka 1949, na madeni yakakifunga chuo mwaka 1957. Kilikuwa pia katika jimbo lenye sheria za ubaguzi wa rangi, na mwanafunzi wa kwanza mweusi alipokelewa mwaka 1944 tu, miaka kumi na mmoja baada ya milango kufunguliwa.

Hata hivyo, mbegu ilikwisha kupandwa. Ruth Asawa, binti wa wahamiaji Wajapani aliyefungiwa kambini na serikali ya Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alisoma hapo kuanzia mwaka 1946 hadi 1949. Mwaka 1947 alisafiri hadi Toluca, Mexico, akajifunza kwa wasusi jinsi ya kusuka vikapu vya waya. Msomaji aliyelelewa na wasusi wa viondo hatashangaa kusikia kwamba sanamu zake mashuhuri zilitokana na ufundi huo. Mwaka 1968 alianzisha, pamoja na wazazi wenzake, karakana ya sanaa katika shule ya msingi ya Alvarado, San Francisco. Watoto hawakupewa vifaa vya bei. Walifinyanga unga, chumvi na maji. Na Asawa alipopewa kazi ya kutengeneza chemchemi katikati ya mji huo, iliyokamilika mwaka 1973, aliwaita watoto na majirani wafinyange donge hilohilo, kisha akalipeleka likamiminwe kwa shaba nyeusi.