Somo la 11: Rangi Zinapoharibika kwenye Monita Kuukuu

Swali la monita huja kwa sura nyingi, lakini ndani yake ni lile lile: umepewa dalili, unatakiwa utaje chanzo na ueleze hatua za kuchukua. Wanafunzi wengi hulijibu kwa kubahatisha. Huandika "monita imekufa, inunuliwe nyingine", kisha wanashangaa kwa nini wamepata alama moja kati ya kumi. Katika somo hili utajifunza kuisoma rangi iliyoharibika mpaka ikuoneshe pahala penye kosa.

Nianze na hasara yangu mwenyewe. Katika skuli niliyofundisha mwanzo, hapa hapa Unguja, monita moja ya maabara iligeuka rangi. Kila palipokuwa peupe pakawa na zambarau nyekundu, kama maua ya bogenvilia yaliyofunika ukuta. Niliamua kwa haraka kuwa ni uzee. Tukachukua fedha zilizotengwa kwa karatasi za mtihani wa majaribio, tukaenda Darajani kununua flati iliyotumika, tukaifunga kwa kebo ile ile ya zamani. Rangi ikabaki vile vile. Kosa lilikuwa kwenye kebo. Kidato cha Nne wa mwaka ule walinakili maswali ya majaribio kutoka ubaoni, na mimi ndiye niliyeyaandika, ukurasa baada ya ukurasa.

Rangi tatu tu

Skrini haichanganyi rangi kama mchoraji. Mchoraji anachanganya wino, skrini inachanganya mwanga. Kila nukta ya skrini ina sehemu tatu ndogo: nyekundu, kijani na buluu. Zote zikiwaka kwa nguvu kamili unaona nyeupe. Zote zikizimika unaona nyeusi. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja hutoa manjano. Jambo hili huwasumbua wanafunzi waliozoea rangi za maji, basi lishike vizuri.

Kompyuta nyingi huipa kila rangi ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Kwa hiyo jumla ya rangi ni 256 × 256 × 256 = 16,777,216. Ikipotea rangi moja zinabaki 256 × 256 = 65,536 tu. Hesabu hii ni fupi na rahisi kutahiniwa.

Sasa tazama ukurasa mweupe, yaani 255, 255, 255, na ondoa rangi moja moja:

Ikipotea nyekundu, nyeupe inakuwa samawati.
Ikipotea kijani, nyeupe inakuwa zambarau nyekundu, inayoitwa majenta.
Ikipotea buluu, nyeupe inakuwa manjano.

Monita yangu ya bogenvilia ilikuwa imepoteza kijani. Lau ningejua kusoma nyeupe, nisingefika Darajani.

Kwa nini nasisitiza nyeupe? Kwa sababu picha nyingine zinaweza kukudanganya. Chukua bendera ya Zanzibar, yenye mistari ya buluu, nyeusi na kijani. Nyekundu ikipotea, mistari ile mitatu takriban haibadiliki. Utakaoonesha kosa ni ule mfano mdogo wa bendera ya Tanzania kwenye kona ya juu, ambao michirizi yake ya manjano itageuka kijani. Mwanafunzi asiyetazama kona ataandika "rangi ni sahihi". Basi pima kwa ukurasa mtupu mweupe kila mara.

Kebo na pini zake

Monita nyingi kuukuu katika skuli zetu hutumia kebo ya VGA, mfumo ulioanza mwaka 1987 na kompyuta za IBM. Plagi yake ina nafasi 15 za pini katika safu tatu. Pini ya 1 hubeba nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 buluu. Kila rangi ina njia yake, na ndiyo maana pini moja ikipinda, ikikatika au ikishika kutu, hupotea rangi moja tu huku picha nzima ikibaki pahala pake. Rangi ikija na kutoweka unapoitikisa kebo, waya umekatika ndani au plagi haikukaza. Zile skrubu mbili za pembeni kazi yake ni hiyo, zikaze kwa vidole.

Kuna mtego mmoja hapa. Kebo nyingi za VGA zimetoka kiwandani bila pini ya 9. Ukiiona nafasi yake i tupu usiseme umepata kosa. Tazama 1, 2 na 3 kwanza.

Kisiwani kwetu kutu haina likizo. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, na katika majumba ya Mji Mkongwe kuna pia vumbi la chokaa linalodondoka kutoka kuta za mawe. Vitu hivi hukaa kwenye soketi miaka na miaka. Ukiona utando wa kijani kwenye pini, hiyo ni kutu ya shaba. Zima kila kitu, chomoa, safisha kwa brashi laini na spiriti kidogo, acha ikauke kabisa ndipo urudishe.

Kosa liko upande gani?

Hiki ndicho kiini cha somo. Una vitu vitatu: kompyuta, kebo na monita. Bonyeza kitufe cha menyu kwenye monita yenyewe. Menyu ile inachorwa ndani ya monita, haipiti kwenye kebo. Ikiwa picha ya kompyuta imegeuka rangi lakini menyu ina rangi zake za kawaida, monita ni nzima, basi mshuku kebo au kompyuta. Ikiwa hata menyu imegeuka, kosa limo ndani ya monita. Angalia pia mpangilio wa rangi katika menyu hiyo hiyo. Mara nyingi mtu ameshusha nyekundu mpaka sifuri kwa mchezo, na kuurudisha mpangilio wa kiwandani kunamaliza kazi.

Baada ya hapo badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Weka kebo nyingine, tazama. Kisha peleka monita kwenye kompyuta nyingine, tazama. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na rangi ikarudi, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na mtahini naye hatakupa alama ya hatua.

Usisahau programu. Windows 10 na zilizofuata zina mpangilio wa mwanga wa usiku unaoifanya skrini kuwa ya manjano ya moto kwa makusudi. Dereva wa kadi ya picha akiharibika, rangi nazo huweza kuharibika. Piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, ihifadhi, kisha ifungue kwenye kompyuta nyingine: ikiwa huko inaonekana sawa, kuna uwezekano mkubwa kosa limetokea baada ya picha kutengenezwa.

Monita za kichogo

Zanzibar iliwahi mapema katika mambo ya rangi. Televisheni yetu ilianza kurusha matangazo ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri televisheni hadi miaka ya 1990. Seti zile, na monita za kichogo zilizokuja baadaye, zilikuwa na mitungi ya kioo ambamo miale mitatu ya elektroni hupita kwenye bamba la chuma lenye matundu kabla ya kugonga rangi yake. Bamba hilo likishika usumaku, kwa mfano kwa kuwekewa spika kubwa pembeni, miale hupotoka na madoa ya rangi hujitokeza kwenye kona. Dawa yake ni kuondoa spika na kutumia kitufe cha kuondoa usumaku, kama kipo. Tofautisha: doa la kona ni usumaku, skrini nzima kugeuka ni njia ya rangi kupotea.

Na hapa sikutanii. Usifungue monita ya kichogo. Ndani mna volti zaidi ya 20,000, na umeme huo unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Mwachie fundi aliyesomea.

Flati nayo huzeeka kwa namna yake. Zile za zamani huangazwa na taa nyembamba za mirija zenye zebaki ndani. Zikichakaa, skrini nzima hufifia na kuelekea manjano au wekundu, polepole, kwa miezi. Kebo haifanyi polepole hivyo.

Umeme unaopanda na kushuka huchosha zaidi sehemu ya kupokea umeme. Waliokuwapo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokosa umeme wa gridi na watu wakaishi kwa majenereta, wanajua vifaa vingapi viliharibika. Lakini dalili zake ni kumeta, kuzimika au kuchelewa kuwaka, si kupotea kwa rangi moja.

Maswali ya kujipima

1. Ukurasa mweupe unaonekana wa manjano, lakini menyu ya monita ina rangi zake za kawaida.
(a) Ni rangi gani imepotea? (alama 1)
(b) Taja pini inayohusika katika kebo ya VGA. (alama 1)
(c) Eleza hatua tatu utakazochukua, kwa mpangilio. (alama 6)
(d) Kwa nini si busara kununua monita mpya kwanza? (alama 2)

2. Asha ameona doa la zambarau kwenye kona moja ya monita ya kichogo iliyo karibu na spika. Mwenzake anamwambia abadilishe kebo. Mjibu mwenzake. (alama 4)

3. Kitu cha rangi ya manjano kinaonekana cha kijani. Onesha kwa namba za 0 hadi 255 ni rangi gani imepotea. (alama 3)

Jibu la swali la 3: manjano ni 255, 255, 0. Kijani ni 0, 255, 0. Tarakimu iliyobadilika ni ya kwanza, kwa hiyo nyekundu ndiyo iliyopotea. Ukiandika "nyekundu" peke yake bila namba utapata alama 1.