Je, Mwenye Kete Moja Afungwe?

Wanachama wenzangu na walimu wetu, katika mjadala wa chama muhula uliopita mie nilikuwa upande wa "afungwe". Nilishangiliwa sana. Nilipofika nyumbani Funzi nikaona haya, kwani mtoto wa ami yangu anatumia unga.

Kwanza tuelewane: kuondoa jinai si kuhalalisha. Muuzaji anabaki mhalifu. Anayebadilishiwa njia ni yule aliyekutwa na kidogo cha kutumia mwenyewe. Ureno walianza hivyo Julai 2001. Aliye na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 hapelekwi kortini, bali mbele ya baraza la watu 3 wanaoweza kumwelekeza kwenye matibabu. Maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi kwa wanaojidunga yalipungua sana. Jimbo la Oregon huko Marekani nalo likaondoa jinai mwaka 2021, lakini matibabu yalichelewa kuwafikia watu, wananchi wakalalamika, na Septemba 2024 kosa likarudishwa.

Kwetu Kenya sheria ni ya 1994. Mwenye bangi yake ya kuvuta aliweza kufungwa miaka 10. Mwaka 2022 ikapunguzwa ikawa miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Bado ni jinai, na unga una adhabu kali zaidi.

Sasa huyo kaka. Alikuwa akinywa methadoni kule Kombani, dawa inayozuia arosto. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kutoka Funzi ni boti hadi Bodo, kisha barabara ya vumbi mpaka lami, kisha matatu kupita Msambweni na Ukunda. Nani ataweza kila siku? Basi akahamia kwa shangazi Ukunda. Akaanza kunenepa, hata utani akaturudishia. Halafu akakamatwa na kete moja. Rumande hakupata dawa, na aliyekosa siku kadhaa haendelei pale alipoachia, huanzishwa upya kwa kipimo kidogo. Alipotoka alirudi kisiwani. Kombani hataki kusikia, eti askari watamngoja njiani.

Wenzangu walisema jela humfunza mtu. Mie nimemwona kabla na baada. Kifungo kikiondolewa leo, bahari na nauli bado zitakuwa kati yake na dawa, kama walivyoona wa Oregon. Lakini hofu ingepungua, na hofu ndiyo inayomlaza ndani mchana kutwa.

Ami amesema kesho alfajiri, maji yakijaa, atamvusha Bodo yeye mwenyewe.