KWA NINI MIMBA HUHARIBIKA MARA KWA MARA?


Wako akina mama ambao mimba zao huharibika mara mbili, mara tatu au zaidi, kabla hazijatimiza miezi mitatu. Mara nyingi mama ndiye anayelaumiwa. Huambiwa amerogwa au amevunja mwiko. Wengine hufukuzwa na waume zao. Leo tujifunze sababu zenyewe.

1. Hesabu ya urithi
Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya chembe mna nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu. Hizo hubeba maagizo ya kuujenga mwili. Kwa kawaida ni 46: 23 za baba na 23 za mama. Yai au mbegu ya kiume inapotengenezwa, uzi mmoja huweza kuzidi au kupungua. Hapo mtoto hupata 47 au 45, maagizo huvurugika, na mimba hushindwa kukua. Karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza zina kasoro ya namna hii. Hutokea zaidi mama akipita umri wa miaka 35. Si kosa la mtu.

Tena, wako wanaume na wanawake wenye afya njema ambao kipande cha kromosomu moja kimehamia kwenye nyingine. Wao hawaumwi, lakini mimba zao huweza kurithi kipande kilichozidi au kilichopungua. Ndiyo maana mume naye hupimwa.

2. Damu kuganda
Kazi ya kinga ya mwili ni kupigana na maradhi. Kwa baadhi ya akina mama kinga hiyo hukosea, ikaushambulia mwili wenyewe. Damu huganda upesi, na kondo la nyuma hushindwa kumlisha mtoto. Ugonjwa huu hupimwa kwa damu, na dawa zipo: daktari hutoa aspirini kidogo kila siku pamoja na sindano za heparini. Usijitibu mwenyewe kwa aspirini ya dukani.

3. Sababu nyingine
Ziko pia kisukari kisichotibiwa, kasoro ya tezi ya shingo, na kasoro ya umbo la mji wa mimba. Malaria na kaswende nazo huharibu mimba.

Tufanye nini?
(a) Mume na mke waende hospitali pamoja.
(b) Andikeni tarehe ya kila mimba iliyotoka na umri wake, mkamwonyeshe daktari.
(c) Mama mjamzito aanze kliniki mapema.
(d) Mama akitokwa na damu nyingi, au akipata homa baada ya mimba kutoka, apelekwe hospitali mara moja.

Wengi waliopoteza mimba tatu huja kuzaa salama. Basi tusivunje ndoa kwa jambo lisilo kosa la mtu.

Maswali ya kujadiliana
1. Kromosomu ngapi hutoka kwa baba?
2. Kwa nini mume naye apimwe?
3. Kijijini kwetu, mama aliyepoteza mimba husaidiwaje?